Asilimia 40 iliyokuwa 77: kwa nini askari wako wanakufa Wesnoth

Swali la msomaji: "Ninacheza Battle for Wesnoth, mchezo wa kompyuta wa vita vya zamu kwa zamu, na kampeni (mfululizo wa ramani) imenishinda. Jana, zamu ya kwanza ya usiku, askari wangu wa mkuki alikuwa kijijini akiwa na uhai 33. Nikamshambulia orki (jitu la kubuniwa, adui wetu) aliyesimama kwenye nyasi: mapigo matatu, kila moja asilimia 60. Akakosa yote matatu! Yeye akapigwa mara moja, akabaki na uhai 22. Kisha maorki watatu wakamvamia. Uwezekano wao wa kumpata ulikuwa asilimia 40 tu, lakini wakamuua. Si mara ya kwanza. Je, dadu za mchezo huu zimepangwa zimpendelee kompyuta? Na kuna namna ya kushinda bila kurudia mchezo niliouhifadhi kila baada ya dakika mbili?"

Jibu:

Ndugu yangu, hazijapangwa. Najua jibu hilo halimpozi mtu aliyetoka kufiwa na askari, kwa hiyo nianze na ushahidi. Wesnoth ni programu huria. David White aliitoa mwaka 2003, na msimbo wake umekuwa wazi kwa yeyote kuusoma. Watu wamekuja na lalamiko lako hili hili kwa miaka yote hiyo, wengine wakiwa waandishi wa programu wenye hasira, wakafungua msimbo kutafuta mahali kompyuta inapobebwa. Dadu ni moja kwa wote. Ukipandisha ugumu wa kampeni, adui kwa kawaida huongezewa dhahabu na askari, lakini asilimia 40 yake haigeuki kuwa 50 kimyakimya.

Unaweza pia kujikagua mwenyewe. Ndani ya menyu ya mchezo kuna dirisha la takwimu linalolinganisha madhara uliyofanya na yale yaliyotarajiwa, na madhara uliyopata vilevile. Lifungue mwishoni mwa ramani, si katikati ya hasira. Mara nyingi utakuta tofauti ni ndogo, na mara nyingine utakuta ulibahatika ramani nzima na bado ulishindwa. Mimi nililifungua siku moja nikiwa na uhakika kwamba nimeibiwa, nikakuta bahati ilikuwa upande wangu. Nilinyamaza wiki nzima.

Sasa tuje kwenye tukio lako, maana umelieleza vizuri kiasi kwamba linaweza kupigiwa hesabu.

Mapigo matatu ya asilimia 60 kukosa yote: kila pigo lina asilimia 40 ya kukosa, na 0.4 ikizidishwa yenyewe mara tatu ni 0.064. Yaani asilimia 6.4. Ni nadra kwa shambulio moja. Lakini katika kampeni moja unafanya mashambulizi mamia, na kati ya kila 100 ya namna hiyo, sita hivi yatatoka mikono mitupu. Ukiona sita hayo utayakumbuka yote. Yale ishirini na mbili hivi ambayo mapigo yote matatu yalipata hutayakumbuka hata moja, kwa sababu ulichukulia ni haki yako.

Hilo dogo. Kubwa ni lile la pili, na hapa ndipo ninapotaka ukae nalo. Unasema maorki walikuwa na asilimia 40 tu. Hiyo ni asilimia ya pigo moja. Askari wako hakukabiliwa na pigo moja. Orki wa kawaida wa upanga, yule anayeitwa Grunt, ana mapigo mawili yenye nguvu 9, na usiku nguvu hiyo inapanda kufikia 11. Watatu ni mapigo sita. Askari wako alikuwa na uhai 22, kwa hiyo mapigo mawili tu kati ya sita yakipata, amekwisha. Uwezekano wa angalau mapigo mawili kupata kati ya sita, kila moja likiwa na asilimia 40, ni asilimia 77.

Ulisoma 40 kwenye skrini, lakini hali halisi ilikuwa 77. Mtu akikuambia mapema kwamba kuna asilimia 77 ya mvua, ukatoka bila mwavuli, hutalaumu mawingu.

Na wengi wetu tunajikwaa hapo hapo. Kidirisha cha shambulio kinaonyesha pambano moja, la wawili. Kina hata kitufe cha kukokotoa madhara kinachokuonyesha uwezekano wa kila kiwango cha uhai baada ya pambano, na kitumie, ni kizuri sana. Lakini hakikuonyeshi zamu nzima ya adui inayokuja. Hiyo lazima uihesabu mwenyewe, kichwani, kabla ya kubonyeza kumaliza zamu. Huhitaji hesabu kamili. Jiulize tu: ni wangapi wanaweza kumfikia huyu, wana mapigo mangapi kwa jumla, na mangapi yanatosha kumuua? Ikiwa yanayotosha ni chini ya nusu ya jumla, anza kuwa na wasiwasi.

Turudi nyuma hatua moja. Kabla ya hayo yote, ulishambulia. Kwa nini?

Askari wa mkuki ni mtu wa mchana. Mapigo yake matatu yana nguvu 7 kila moja. Asubuhi na alasiri anaongezewa asilimia 25, yanakuwa 9. Usiku anapunguziwa asilimia 25, yanakuwa 5. Orki ni kinyume chake: mchana 7, usiku 11. Kwa hiyo shambulio lako la usiku, kwa wastani, lilikuwa la kumtoa orki uhai 9 (mapigo matatu, nguvu 5, asilimia 60) huku ukitarajia kupoteza karibu 9 vilevile (mapigo mawili, nguvu 11, asilimia 40). Biashara ya sare, na wenzake wawili wakisubiri zamu yao. Hata yote matatu yangepata, orki mwenye uhai 38 angebaki na 23 na angeendelea kukupiga kama kawaida.

Fanya shambulio lile lile, mahali pale pale, alasiri. Unamtoa kwa wastani uhai 16, unapoteza kati ya 5 na 6. Askari ni yule yule, orki ni yule yule, nyasi ni zile zile. Kilichobadilika ni jua tu.

Kama usingeshambulia, askari wako angepokea wageni akiwa na uhai 33, si 22. Hapo maorki wangehitaji mapigo matatu kati ya sita, na uwezekano wa kumuua ungeshuka kutoka asilimia 77 hadi 46. Na kumbuka kwamba kutoshambulia hakumaanishi kukaa bure: askari wa mkuki hujibu kila anayemshambulia, tena mkuki wake hutangulia kupiga hata anapokuwa anajilinda. Wao wakija, atawachoma bila wewe kutumia zamu yako. Na zamu inayofuata kijiji kingemrudishia uhai 8.

Jambo la tatu ni upana wa mlango uliouacha wazi. Kila kigae kina pande sita. Askari aliye peke yake anaweza kuzungukwa na sita. Askari aliyechomoza mbele ya wenzake anashambuliwa na watatu, na nadhani ndivyo kijiji chako kilivyokuwa, maana walikufikia watatu. Lakini askari aliye ndani ya mstari ulionyooka, mwenzake kulia na mwenzake kushoto, ana pande mbili tu zinazotazama adui. Askari mmoja tu angesogea kando yake, wale watatu wangekuwa wawili. Mapigo sita yangekuwa manne.

Pigia hesabu: uhai 33, mapigo manne, matatu yanahitajika. Asilimia 18.

Kutoka 77 hadi 18, dadu zikiwa zile zile na kijiji kile kile. Hukuhitaji bahati zaidi. Ulihitaji kutulia zamu moja na kumsogeza jirani kigae kimoja. Naam, kuna watakaokufa katika hiyo 18 pia, kama mmoja kati ya watano au sita. Lakini hilo ndilo linalofaa kuitwa bahati mbaya.

Wachezaji wapya huweka uzito mkubwa kwenye ardhi na mdogo kwenye mstari, labda kwa sababu ardhi inaonyeshwa kwa namba na mstari hauonyeshwi. Ardhi ni muhimu, sikatai. Binadamu akisimama kwenye nyasi, pigo la adui lina asilimia 60 ya kumpata. Kijijini au ngomeni 40. Kwenye maji ya kina kifupi au kinamasi 80. Orki wa mapigo mawili anapata yote mawili kwa asilimia 16 ukiwa kijijini, 36 ukiwa kwenye nyasi, na 64 ukiwa majini. Usisimame majini. Lakini askari wa kijijini aliyezungukwa na wanne yuko pabaya kuliko wa kwenye nyasi aliyefunikwa na wenzake, na kwa sababu hiyo mimi huacha kijiji kichukuliwe kwa zamu moja au mbili bila majuto. Kijiji hakikimbii. Unakirudia asubuhi.

Huhitaji pia askari wengi kuziba njia. Kila askari wa kiwango cha kwanza na kuendelea anatawala vigae sita vinavyomzunguka: adui akiingia kimojawapo, mwendo wake unaishia hapo hapo. Kwa hiyo askari wawili wenye vigae viwili vitupu katikati yao bado ni ukuta, adui hapenyi kwa zamu moja. Wapo wachache wenye uwezo wa kupenya, na maelezo yao yanasema hivyo ukiwabonyeza. Wengine wote wanakwama. Hii ndiyo njia ya kumlinda majeruhi aliyerudi nyuma bila kumwekea walinzi wanne. Tahadhari moja: askari wa kiwango cha sifuri hana utawala huo, kwa hiyo mkulima uliyemwajiri kwa bei ya chini hazuii mtu.

Sasa, utashambulia lini? Saa za Wesnoth ni zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, jioni, kisha zamu mbili za usiku. Katika ramani inayoanza alfajiri, usiku ni zamu ya 5 na ya 6, kisha ya 11 na ya 12, na kuendelea. Jeshi la mchana likipambana na maorki lina kazi mbili tofauti zinazopokezana. Jioni unarudi nyuma, unajipanga kwenye mstari, unawapeleka majeruhi vijijini, unakubali kusukumwa. Alfajiri unakuta adui amesogea mbele, amechoka, amesambaa, amesimama kwenye nyasi au majini. Asubuhi na alasiri unamla. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu kompyuta ya Wesnoth haina subira: inashambulia chochote inachoweza kukifikia, inawania vijiji, na mara nyingi inapeleka askari wake mmoja mmoja kadiri wanavyofika badala ya kuwasubiri wakusanyike. Kwa kawaida haingoji usiku. Ukimwekea chambo askari mmoja mzima mwenye uhai tele mahali pazuri, pande mbili tu zikiwa wazi, watakuja kwake hata kama ni saa sita mchana. Unapanga vita nzima kwa tabia hiyo moja. (Dhidi ya binadamu mwenzako usijaribu, atakucheka.)

Siku ya kushambulia ikifika, mpangilio wa nani aanze una thamani kuliko wachezaji wengi wanavyodhani. Grunt hana silaha ya mbali. Mpiga upinde akimshambulia hajibiwi kitu, ni kipigo cha bure. Basi aanze yeye, hata kama madhara yake ni madogo. Mchawi naye, yule wa moto, ana mapigo matatu yenye uwezekano wa asilimia 70 daima, adui awe amesimama wapi. Huyo usimpotezee kwa adui wa kwenye nyasi ambaye kila mtu anampata kwa 60. Mweke kwa kibeti aliyejichimbia mlimani, ambaye wengine wanampata kwa 30 tu. Na adui anapobakiza pigo moja afe, usimmalizie kwa askari wako bora. Mwachie kijana. Kupambana tu na adui wa kiwango cha kwanza kunaleta uzoefu wa pointi 1. Kumuua kunaleta 8. Wa kiwango cha pili ni 16. Askari wa mkuki akiua watano au sita anapanda daraja, na anapopanda uhai wake unajaa palepale, jambo ambalo limewahi kuniokoa katikati ya mapigano mara nyingi kuliko dawa ya mganga yeyote.

Lakini kabla ya kila shambulio, uwe na mpango wa kukosa. Nikimshambulia orki nikiwa na askari watatu wanaoweza kumfikia, sitegemei wawili wamuue. Nahesabu kwamba mmoja atakosa yote, kisha naangalia: je, bado mstari wangu umekaa sawa? Ikiwa mpango unasimama tu endapo pigo la mwisho litapata, huo si mpango. Kwa mantiki hiyo, anza na shambulio ambalo matokeo yake yatabadilisha uamuzi wako unaofuata, na wale watakaofanya kitu kile kile kwa vyovyote vile wasubiri. Mimi kwa kawaida hubakiza askari mmoja au wawili bila kuwasogeza hadi mwisho kabisa wa zamu, wakiwa viraka vya mashimo yatakayotokea. Hilo tu, bila kubadilisha kingine, lilipunguza vifo vyangu kuliko kitu chochote nilichojifunza.

Kuhusu kurudia mchezo uliohifadhiwa. Sitakuhubiria, kila mtu na gemu lake. Ila kuna hasara ambayo huioni. Ukirudia kila askari anapokufa, mwishowe unajifunza kupanga mashambulizi ambayo yanahitaji bahati, kwa sababu bahati unaipata bure kwa kurudia. Kisha unafika ramani ya saba au ya nane, adui ni wengi, na huna hata tabia moja ya ulinzi. Nashauri hivi: ruhusu kurudi mwanzo wa ramani, wakati wowote, ukiona umeipanga vibaya tangu mwanzo. Usirudie pigo moja. Kiongozi wako akifa utalazimika kurudi kwa vyovyote, maana ramani nyingi huishia hapo, kwa hiyo yeye usimweke mahali ambapo hesabu yako ya zamu nzima inazidi asilimia moja au mbili. Mimi nilishampoteza kiongozi kwa asilimia 3. Nilikuwa na haraka ya kuchukua kijiji.

Na umekuwa ukiandika kana kwamba kila askari anayekufa ni kosa. Si kweli. Kampeni zimetengenezwa zikijua utapoteza watu. Askari mpya wa mkuki ni dhahabu 14. Kumwita mkongwe kutoka ramani iliyopita kwa kawaida ni dhahabu 20, awe wa kiwango cha kwanza au cha tatu, ndiyo maana kumwita wa kiwango cha tatu ni neema na kumwita wa kwanza aliyeanza kujifunza ni ubadhirifu. Wakongwe pia hula zaidi: kwa kawaida kila askari anagharimu kila zamu dhahabu sawa na kiwango chake, isipokuwa vijiji vyako vikibeba mzigo, kijiji kimoja kwa kiwango kimoja. Jeshi la wakongwe watupu litakufilisi. Changanya. Vijana wasimame kwenye mlango hatari, wakongwe wapige na kurudi ndani. Ukimpoteza kijana mmoja ukapata orki wanne, umefanya biashara.

Pia ukishinda mapema, katika kampeni nyingi unapewa dhahabu ya ziada kwa zamu zilizobaki, na sehemu ya dhahabu yako, mara nyingi asilimia 40, inahamia ramani inayofuata. Wachezaji waoga huumia hapa: wanajilinda zamu 20, wanashinda bila kupoteza mtu, kisha wanaingia ramani mpya mifuko mitupu. Kwa hiyo usiuchukue ushauri wangu wa kutulia usiku kama ruhusa ya kulala mchana.

Kama ulihifadhi mchezo wa ramani ile na bado unao, urudishe hadi jioni, zamu ya 4. Mwache yule wa mkuki kijijini, msogeze mwenzake kando yake, wapange wengine kwenye mstari huo huo, mganga nyuma yao akigusana na wengi kadiri inavyowezekana. Zamu ya 5 usishambulie mtu yeyote wa karibu; wapiga upinde tu ndio waruhusiwe. Zamu ya 6 wabadilishe walioumia kwa wazima. Kisha angalia maorki wamesimama wapi alfajiri ya zamu ya 7, na wana uhai kiasi gani.